Msumeno wa reli unakata vibaya? Angalia kwanza kosa liko wapi kwenye bodi

Bodi ya melamini, ile iliyovikwa ngozi ngumu ya plastiki, haina mahali pa kuficha kosa. Ubao wa mninga ukikatwa vibaya utaupiga randa, utaupitishia msasa, na mteja hatajua. Melamini ikishamenyeka ukingoni imemenyeka, na fedha ya bodi nzima ya futi 8 kwa 4 inaweza kwenda na ukingo huo. Ndiyo sababu mafundi wa makabati ya jikoni wanaupenda msumeno wa reli: mashine ya diski inayoteleza juu ya reli ya alumini, diski ikiwa imejificha ndani hadi unapoishusha mwenyewe, na ukingo wa reli ndio mstari wa kukata. Unaweka ukingo juu ya alama mbili, unakata, unahamia kipande kingine.

Hayo ni pale reli ilipowekwa sawasawa. Isipowekwa sawasawa, cha kwanza kulaumiwa huwa ni diski. Fundi anakwenda dukani, ananunua diski mpya ya bei kubwa, anarudi kukata, na tatizo liko palepale.

Nina ombi moja kabla hujagusa skrubu yoyote. Chukua kipande kilichokatwa vibaya, kiweke kwenye mwanga mzuri, kisha jiulize: kosa liko mwanzoni mwa mkato, katikati au mwishoni? Liko uso wa juu au wa chini? Liko kwenye kipande kilichokuwa chini ya reli, au kile kilichobaki nje? Karibu kila tatizo la reli lina mahali pake pa kujitokeza, na mahali hapo ndipo panapokuonyesha chanzo. Ukirekebisha bila kujibu maswali hayo unaongeza kosa la pili juu ya la kwanza, halafu yote mawili yanakuwa magumu kuyatenganisha.

Tukubaliane majina. Tuta ni ule mwinuko mrefu juu ya reli ambao kitako cha mashine hukaa na kuteleza. Utepe ni ule mpira au plastiki ya ukingoni, upande wa diski. Sponji ni zile tepe mbili za chini zinazozuia reli isiteleze. Mfereji ni ule mtaro wa chini unaopokea klampu. Vifundo ni zile skrubu mbili za kitako, moja mbele na moja nyuma, zinazobana mashine kwenye tuta.

Kazi ina mfuatano wake, na mfuatano huo hauruki: kwanza unaondoa kucheza kwa mashine, kisha unakata utepe, kisha ndipo unashughulika na unyoofu, pembe na mengine. Utepe uliokatwa na mashine inayocheza umebeba uongo tangu siku ya kwanza.

Mashine inacheza juu ya reli

Dalili yake ni mkato wenye mawimbi madogo, au mwanzo wa mkato ulioingia pembeni kidogo kisha ukanyooka. Chomoa plagi. Weka reli mezani, weka mashine juu yake, shika mpini na uisukume kushoto na kulia. Ukisikia hata mgongano mdogo wa chuma, inacheza.

Geuza kifundo cha mbele hadi mashine iache kucheza upande huo, kisha cha nyuma. Usivikaze vyote kwa pamoja, kwa sababu utashindwa kujua kipi kimebana kupita kiasi. Ukimaliza, sukuma mashine kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Inatakiwa iteleze kwa mkono mmoja bila kukwama popote. Ikikwama mahali pamoja tu, usilegeze vifundo kwa ajili ya mahali hapo. Angalia kwanza kama kuna gundi iliyoganda, donge la vumbi, au tuta limegongwa likajikunja. Gundi inakwanguliwa kwa kipande cha plastiki, na kigongo cha alumini kinapigwa tupa laini kwa uangalifu.

Ikiwa mashine inateleza kwa shida kwa urefu wote, safisha reli kwa kitambaa na upake nta kavu kidogo kwenye tepe za juu ya reli ambazo mashine huteleza juu yake. Usitumie dawa ya kupuliza yenye silikoni. Itateleza vizuri sana, lakini silikoni itahamia kwenye mbao, na siku ya kupiga vanishi rangi itajikusanya na kuacha vijishimo vya duara. Tatizo hilo litakugharimu kuliko reli yenyewe.

Kama kosa lako liko mwanzoni mwa mkato tu na mashine haichezi, basi reli yako haikutangulia bodi vya kutosha. Vifundo vyote viwili vinatakiwa viwe vimekaa kwenye tuta kabla jino la kwanza halijagusa bodi. Acha reli itokeze karibu sentimita 20 mwanzoni, na kiasi cha kutosha mwishoni ili diski itoke kabisa kabla mashine haijaanza kuinama.

Mkato hauangukii kwenye alama

Utepe wa ukingoni hutoka kiwandani ukiwa mpana kuliko inavyohitajika, na hiyo ni makusudi. Mashine inapopita mara ya kwanza diski inaukata, na kuanzia hapo ukingo wa utepe unaonyesha hasa mahali meno yanapopita. Lakini ni meno ya diski ile, kwenye mashine ile. Ukiazima reli ya jirani, ukingo wake unasema habari za mashine ya jirani.

Angalia kosa linavyokwenda. Likiwa sawa kwa urefu wote, mathalani nusu milimita kutoka mwanzo hadi mwisho, chanzo ni utepe au upimaji. Likiongezeka kuelekea upande mmoja, reli haikukaa kwenye alama ya upande huo, au imesogea wakati wa kukata.

Ukiona nafasi kati ya utepe na mkato, utepe ulikatwa na diski nene zaidi au na mashine nyingine. Ukiona utepe unaliwa upya kila unapokata, diski yako mpya ni nene zaidi au mashine imeanza kucheza. Unene huu ni jambo la kweli, si la nadharia. Diski za mashine ya Festool TS 55 za zamani hukata upana wa milimita 2.2, na za toleo jipya ni milimita 1.8. Sehemu ya tofauti hiyo huangukia upande wa reli, na kwenye mlango wa kabati jicho linaiona.

Dawa ni kubadilisha utepe. Pasha wa zamani moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, uvute polepole, kisha futa mabaki ya gundi kwa spiriti. Unapobandika mpya usiuvute. Utepe uliovutwa hukaa vizuri siku hiyo, lakini baadaye unajirudi na kuacha ncha zote mbili za reli zikiwa wazi. Ubandike ukiwa umelegea, ubonyeze kwa kidole, uache uzidi kidogo kila upande.

Kisha laza reli yako juu ya kipande cha bodi cha kutupa chenye urefu wa kutosha, ili utepe uwe umeegemea kitu chini yake. Fungia diski ile utakayoitumia kila siku. Weka kina cha milimita chache tu kuingia kwenye bodi, washa, shusha, na uende kwa mwendo mmoja hadi mwisho bila kusimama. Kusimama katikati kunaacha pengo dogo kwenye utepe, na hapo ndipo melamini itakapomenyeka kila siku.

Kuna kosa lingine linalofanana na hili ambalo halina uhusiano na reli. Diski hula upande wa nje ya utepe, kwa hiyo upana wa mkato unatoka kwenye kipande kinachobaki. Vipande vinne vya milimita 305 vinapatikana kwenye hesabu ya milimita 1220, lakini havipatikani kwenye bodi: mikato mitatu ya milimita 2.2 imekula milimita 6.6. Panga vipande vya 300. Vinne ni 1200, mikato minne ni 8.8, na kinachobaki, zaidi kidogo ya sentimita moja, unakitumia kusafisha ukingo wa kiwandani.

Ukingo unamenyeka

Hapa ndipo swali la mahali linapofanya kazi kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kosa likiwa juu, kwenye kipande kilichokuwa nje ya reli, hilo si tatizo la kurekebisha. Meno ya mbele ya diski huingia kutoka chini na kutokea juu, kwa hiyo nyuzi za juu ndizo zinazonyanyuliwa. Utepe unazikandamiza nyuzi za upande wa reli tu. Weka reli juu ya kipande unachokitaka, si juu ya kile cha kutupa. Baadhi ya mashine zina kipande kidogo cha plastiki mbele ya diski kwa ajili ya upande wa nje. Kifunge kama unahitaji pande zote mbili.

Kosa likiwa juu, upande wa reli, utepe haukandamizi. Pitisha ukucha chini ya ukingo wake. Ukipita kwa urahisi, kuna moja kati ya haya: utepe umechakaa na kujikunja, bodi imebonyea na reli imebaki hewani, au vumbi limekaa kati yao. Kwenye bodi iliyobonyea, klampu mbili za nchani hazitoshi kuikandamiza reli katikati. Inyooshe bodi kwanza kwa kuiegemeza vizuri chini, jambo ninalolieleza mbele kidogo.

Utepe ukiwa mzima na umelala vizuri lakini melamini bado inamenyeka, tumia mikato miwili. Wa kwanza ni wa kina cha milimita 2 au 3, wa kuikata ngozi tu. Wa pili ni wa kina kamili, reli ikiwa haijasogezwa hata kidogo. Makita SP6000 ina kitufe maalumu cha kina hicho kifupi. Mashine nyingine unaweka kina kwa mkono.

Kosa likiwa chini, wengi hushangaa, kwa sababu upande wa chini ndio unaotakiwa uwe safi. Meno ya nyuma ya diski ndiyo yanayoshuka kutoka juu kwenda chini. Kama yanagusa bodi, yanabomoa uso wa chini yanapotoka. Kwa hiyo kumenyeka kwa chini upande wa reli kunakwambia kwamba diski haiko sambamba na reli, nyuma yake imeelemea ndani. Uthibitisho uko kwenye uso wa mkato: utaona mikwaruzo ya upinde, au alama za kuungua, upande wa kipande chako. Fanya jaribio hili. Kata bodi ya kutupa hadi nusu, zima, subiri diski isimame, chomoa plagi, halafu pima upana wa mkato. Ukiwa mpana waziwazi kuliko jino la diski, nyuma haifuati mbele.

Mashine nyingi nzuri zina skrubu kwenye kitako za kurekebisha hilo. Nyuma ya diski inatakiwa ielemee nje kidogo mno, kiasi cha kutogusa kipande cha upande wa reli. Ukielemeza sana utahamishia mikwaruzo upande wa pili. Baada ya marekebisho haya utepe lazima ukatwe upya, hakuna njia ya mkato. Kama mashine yako haina skrubu hizo, mpelekee fundi wa mashine.

Sasa diski yenyewe, ambayo nimeiacha mwisho kwa makusudi. Kwa mashine za diski ya milimita 160 au 165, meno 48 ni ya melamini, plaiwudi nzuri na kukata kukatiza nyuzi. Meno 24 hadi 28 ni ya kazi za kawaida. Meno 12 au 14 ni ya kupasua ubao mzima kwa kufuata nyuzi. Kukata melamini kwa diski ya kupasulia ni kuitafutia bodi balaa, hata reli ingekuwa mpya.

Mkato umepinda

Kabla ya kusema reli imepinda, ipime kwa njia isiyohitaji kifaa cha kupimia. Kata ukingo wa bodi mbili za kutupa kwa reli ileile, ukianzia ncha ileile. Kisha fungua moja kama ukurasa wa kitabu, uso wake uangalie chini, na uzikutanishe nyuso mbili zilizokatwa juu ya sakafu iliyonyooka. Reli ikiwa imenyooka mwanga haupiti. Ikiwa imepinda, pengo unaloliona ni mara mbili ya kosa lenyewe, kwa hiyo hata robo ya milimita inaonekana. Usiizungushe bodi badala ya kuifunua. Reli yenye umbo la S ikijaribiwa kwa kuzungusha hukutana vizuri kabisa na kukudanganya.

Pengo likiwa katikati na reli ni moja, mara nyingi reli haijapinda, ila bodi ilishuka. Bodi iliyowekwa juu ya viti viwili huzama katikati, na mkato unapokaribia kukamilika vipande viwili hujifunga na kubana diski, au kipande cha nje kinaanguka na kuchana kona ya mwisho. Laza mbao nne za inchi mbili kwa mbili chini ya bodi, mbili kila upande wa mstari wa kukata na sambamba nao. Kipande cha nje kitabaki mahali pake baada ya kukatwa. Kina cha diski kizidi unene wa bodi kwa milimita 5 hivi tu. Kumbuka kwamba reli nayo ina unene, karibu milimita 5. Mashine nyingine zina vipimo viwili vya kina, cha kutumia na reli na cha kutumia bila reli. Yenye kipimo kimoja, jumlisha mwenyewe.

Kosa likiwa kama kona ndogo, hatua moja mahali pamoja, basi umeunganisha reli mbili na kiungo hakijanyooka. Reli mbili za milimita 1400 zinafika 2800, zinatosha kupasua bodi ya 2440 kwa urefu, na ni rahisi kuzibeba kuliko reli moja ya mita 3 ambayo haiingii kwenye gari dogo. Bei ya urahisi huo ni kiungo.

Kwanza, usiamini kwamba ncha za reli zilikatwa mraba kabisa. Ukizigonganisha kwa nguvu, ncha ndizo zitakazoamua mwelekeo. Acha upenyo mdogo kati yake, milimita moja au pungufu. Pili, egemeza kitu kirefu kilichonyooka, kama pimamaji ya mita moja au zaidi, kwenye ukingo wa nyuma wa reli zote mbili. Usiegemeze kwenye utepe, kwa sababu utepe ni laini na umekatwa. Tatu, kaza skrubu za vyuma vya kuunganishia kidogo kidogo, ukipokezana upande huu na ule. Skrubu hizo hukandamiza chuma dhidi ya alumini, na ukiikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine reli inasukumwa pembeni au inanyanyuka. Ukimaliza, pitisha mashine juu ya kiungo ikiwa imezimwa. Ikigonga, kiungo hakijakaa. Ikipita kimya, kata kipande cha kutupa kwanza, halafu ndipo uende kwenye bodi ya mteja.

Kwa kweli, mtu anayepasua bodi nzima kila wiki nitamshauri atafute reli moja ndefu, hata kama usafiri ni kero. Aitundike ukutani kwa tundu la nchani, ining'inie wima. Reli iliyoegemezwa ukutani kwa mshazari, karibu na mlango, watoto wa majirani wakipita wakicheza, siku moja itaanguka. Wala usiiache juani juu ya gari. Alumini itapoa na kurudi, lakini gundi ya utepe na sponji huachia.

Mkato umenyooka, lakini kabati halikai mraba

Reli inakupa mstari ulionyooka. Haikupi pembe. Wengi huweka guni dogo (kifaa cha kupimia pembe mraba) kwenye ukingo wa bodi, wanalinganisha reli nalo, halafu wanashangaa milimita 3 za kosa kwenye upana wa 1220. Guni la sentimita 30 lenye kosa dogo lisiloonekana linaukuza kosa hilo mara nne.

Pia ukingo wa kiwandani hauna ahadi. Kata kwanza ukingo mmoja mrefu uwe wako, kisha pembe zote zipimwe kutoka hapo. Pima milimita 900 kwenye ukingo, 1200 kwenye mstari unaotaka kukata, na umbali kati ya alama hizo mbili uwe 1500. Kwa bodi nzima pima mishazari: ya 2440 kwa 1220 inatakiwa iwe 2728 pande zote mbili. Ikitofautiana, bodi si mraba, hata kama muuzaji ameapa.

Kama unatumia guni maalumu linalofungwa kwenye reli, lijaribu kwa mikato mitano. Chukua kipande cha bodi chenye pande nne. Kata upande mmoja, zungusha bodi, uegemeze guni kwenye ukingo uliotoka kukatwa, kata wa pili, na uendelee hivyo hadi upande wa kwanza uufikie tena. Mkato wa tano utoe ukanda wa sentimita 2 au 3. Pima upana wa ukanda huo nchani na nchani, toa, ugawe kwa 4. Hilo ndilo kosa la guni lako kwa urefu wa ukanda ule. Ukipata tofauti ya milimita 0.4 kwenye ukanda wa milimita 600, kosa ni 0.1, endelea na kazi.

Kuna pembe nyingine, ya unene. Kata kipande, geuza nusu moja juu chini, uzikutanishe nyuso zilizokatwa juu ya meza tambarare. Mwanga ukipita juu au chini, diski haijasimama wima. Rekebisha skrubu ya kizuizi cha nyuzi 0. Lakini angalia kwanza kama mashine iliinama mwishoni mwa bodi, kwa sababu hapo kosa litaonekana mwishoni tu na skrubu haitalitibu. Kwa mkato wa nyuzi 45 kuinama ni hatari zaidi, kwani uzito wa mota umehama. Reli ya Makita ina mdomo mdogo ambao mashine yake hujifunga nao isiinuke. Reli ya Festool haina mdomo huo, basi shikilia kitako kwa mkono wako wote.

Reli inateleza

Futa sponji kwa kitambaa chenye unyevunyevu, ziache zikauke. Zikishajaa vumbi la MDF (bodi ya unga wa mbao uliogandamizwa) hazishiki chochote. Juu ya melamini laini, au kipande chembamba, funga klampu za kuingia kwenye mfereji wa chini. Klampu ya kawaida inayopanda juu ya reli itasimamisha mashine katikati ya mkato. Kwenye kipande chembamba kuliko reli, weka kipande kingine cha unene uleule chini ya upande wa pili wa reli, isije ikainama.

Mashine inalemewa, mbao inaungua

Diski butu au yenye utomvu ni sababu ya kwanza. Ioshe kwa sabuni ya jikoni na mswaki, ikauke, kisha uiangalie meno. Ya pili ni mwendo: ukienda polepole mno meno yanasugua badala ya kukata. Ya tatu mafundi wachache huitazama, nayo ni umeme. Waya mwembamba wa mita 30 uliozungushwa kwenye gurudumu lake unashusha volti na kupata moto. Kunjua waya wote na utumie mnene zaidi.

Mninga, mvule na mbao nyingine nzima hujifunga nyuma ya diski zinapopasuliwa. Kama mashine yako ina kile kibati kinachofuata diski, kiache mahali pake. Kama haina, chomeka kabari nyembamba kwenye mkato kila unapoendelea.

Mashine ikiruka nyuma unapoanza katikati ya bodi, umeishusha diski kabla haijafikia kasi yake. Washa, subiri ifike kasi kamili, kisha shusha taratibu, huku kizuizi kikiwa kimefungwa kwenye reli nyuma ya mashine. Mwili wako usikae kwenye mstari wa diski. Na kwenye MDF vaa barakoa ya vumbi, si kitambaa.

Ulinunua iliyotumika

Reli na mashine vinavyouzwa kando kando si lazima vioane. Reli za Festool na Makita zina tuta la aina moja, mashine hizo mbili zinapokezana. Bosch na Mafell wana lao. DeWalt ana lake, lenye utepe pande zote mbili. Beba mashine yako unapokwenda kununua reli, ujaribu hapohapo.

Soma pia kibandiko cha umeme. Mashine za maeneo ya ujenzi ya Uingereza nyingi ni za volti 110 na plagi yake ni ya njano. Za Marekani ni 120. Soketi zetu zinatoa 230 au 240. Ukiichomeka moja kwa moja umeiunguza.

Huna reli kabisa

Msumeno wa kawaida wa diski unaweza kupata reli ya kutengeneza. Chukua ukanda wa plaiwudi ya milimita 6, mpana kuliko kitako cha mashine, na juu yake gundisha ukanda wa MDF ya milimita 12 wenye ukingo wa kiwandani ulionyooka. Hakikisha mota inapita juu ya ukanda huo ukiwa kwenye kina kamili. Kitako kikiwa kimeegemea ukanda, kata plaiwudi ya chini iliyozidi. Ukingo utakaobaki ndio mstari wako, na unafanya kazi ileile ya utepe, ikiwemo kuzikandamiza nyuzi za juu.

Yote ya juu yanahusu reli hii pia: jaribio la kufunua kama ukurasa, bodi kuegemezwa, pembe kupimwa kwa mishazari. Umepoteza milimita 6 za kina, na hakuna vifundo vya kuzuia mashine isihame, kwa hiyo mkono wako lazima uisukume kuelekea ukanda muda wote. Andika juu yake kwa kalamu ya rangi jina la mashine na diski iliyoikata, kwa sababu kwa diski nyingine ukingo ule si sahihi tena.